Watu wa Ukuta wa Kusini

Jumanne ya pili ya mwezi wa Aprili, saa tatu kasoro robo asubuhi, Ellis Raw alilichomoa jiwe la kumi na moja kutoka ukuta wa kusini wa ghala la Hagg, akalilaza juu ya majani na kuliandika namba kwa chaki. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwashi mwana wa mwashi, na katika bonde lile hakukuwa na ghala la mawe ambalo hajawahi kulitia kiraka. Kazi ya safari hii ilikuwa rahisi kuieleza. Alitakiwa aufungue ukuta kwa upana wa mita tatu ili liingie dirisha la kioo kitupu, wageni wa likizo wapate kuliona bonde zima wakiwa wamekaa kwenye makochi.

Mwaka 1768 ulikuwa umechongwa juu ya mlango mkubwa, ule wa kupitishia mikokoteni ya nyasi. Zamani chini walilala ng'ombe, juu zikawekwa nyasi zao za majira ya baridi. Ukuta wenyewe ulikuwa na nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati kifusi cha vijiwe. Kila baada ya kimo cha goti, jiwe refu lilipitishwa kutoka uso mmoja hadi mwingine ili nyuso zile zisiachane. Kuta za namna hiyo Ellis alizijua kama anavyoyajua meno yake kwa ulimi.

Jiwe la kumi na mbili lilikuwa mojawapo ya hayo marefu. Alipolishika lilikuwa na joto. Upande wake wa ndani ulikuwa mweusi kwa masizi, na masizi yalikuwa mabichi, yakabaki kwenye glavu. Alipolivuta lote kifusi hakikuporomoka. Ilitoka harufu ya mkate wa shayiri, na nyuma ya harufu ikatoka sauti ya mwanamke.

"Wewe uliye nje! Ziba hilo tundu, tafadhali. Baridi inamwingia mtoto."

Ellis alivua kofia, akainama. Ndani ya ukuta mlikuwa na jiko la nyumba, hatua nne kwa tano, sakafu ya mawe bapa iliyofagiliwa. Mwanamke wa makamo alikuwa akigeuza mkate juu ya bamba la chuma. Mwanamume alikaa kwenye stuli akishona kiatu. Mtoto wa kike wa kama miaka minne alikuwa amesimama karibu na tundu, akimtazama Ellis bila kupepesa. Kulikuwa pia na dirisha dogo la vioo vinne, na nyuma ya vioo vyote vinne kilionekana kifusi, vijiwe vimebanana hadi kwenye fremu. Mwanga wote ulitoka motoni. Vivuli vya watu havikuukimbia moto. Vililala kuelekea huko huko ulikokuwa unawaka.

Ellis alizunguka, akaingia ghalani, akaukagua uso wa ndani wa ukuta. Ulikuwa pale pale. Alipima kwa futi kamba akapata unene wa sentimita sabini na tatu. Akarudi nje.

"Samahani," alisema. "Sikujua kama kuna watu."

"Hamjui kamwe," alisema mwanamume, bila hasira. "Umetoka kwa mwenye ardhi?"

"Nimetumwa na ofisi yake."

"Basi umekuja na mkokoteni."

"Nina pikapu."

"Leo ni Jumatatu?"

"Jumanne."

Mume na mke walitazamana. "Basi bado siku sita," alisema mwanamke, akaugeuza mkate upande wa pili.

Walikuwa Hannah na Ottiwell Coates, na mtoto wao Tamar. Walimsimulia Ellis mambo yao kama mtu anavyomsimulia jirani habari za juzi. Hagg kilikuwa kijiji cha nyumba kumi na mbili. Mwenye ardhi alipotaka malisho ya kondoo, watu wake walikuja siku ya Alhamisi na mitaimbo. Walisema kila mtu afungashe, Jumatatu utaletwa mkokoteni wa kuwahamishia mahali pengine. Kisha wakaanza kubomoa saa hiyo hiyo, maana mawe yalihitajika kwa ghala jipya.

"Sisi tulikuwa mezani," alisema Ottiwell. "Hawakutuambia tutoke. Walitwambia tungoje."

"Mkangoja."

"Wewe ungefanyaje?"

Vifurushi vyao vilikuwa vimepangwa karibu na mlango, vimefungwa kamba. Mafundo ya kamba yalikuwa yamegeuka kijivu. Ellis aliwamiminia chai kutoka kwenye chupa yake na kuipitisha kwenye tundu. Hannah aliionja, akasema ni tamu kama ya mazishi ya tajiri, akampa mumewe, na mumewe akampa mtoto. Kisha Ellis alilikunja gunia, akaziba tundu vizuri, akaenda ofisini.

Bwana Jolyon Peake, meneja wa ardhi ile, alikuwa kijana mpole mwenye viatu safi. Alimsikiliza Ellis mpaka mwisho huku akiitandaza ramani ya jengo mezani.

"Wangapi?"

"Watatu. Kwa upande ule."

"Wana mkataba?"

"Waliambiwa wangoje Jumatatu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Hapo sasa." Bwana Peake alionekana kusikitika kweli. "Ellis, mimi sina ubaya nao, naomba uwaambie hivyo. Lakini ramani imeshapitishwa. Dirisha likisogea kulia, mgeni ataangaliana na tangi la gesi. Likisogea kushoto, ataangaliana na wewe na pikapu yako."

"Na wao wataenda wapi?"

"Wameishi ukutani muda wote huo. Ukuta upo mwingi."

Ellis alimpigia simu afisa wa majengo ya kale wa baraza la wilaya, Bi. Gillian Stott, ambaye alifika Alhamisi na buti za mpira na tochi. Aliongea na Hannah kwa heshima, akapiga picha za jiwe la jiko, akaandika kwenye fomu kwa nusu saa. Kisha akaingia ghalani na kumulika juu, kwenye kenchi za paa, za mwaloni, zilizofungwa kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja. Kule juu popo walikuwa wamening'inia safu kwa safu.

"Simamisha kazi," alisema papo hapo. "Hawa wanakaribia kuzaa. Hakuna kugusa kitu mpaka watoto waruke. Agosti, labda katikati."

"Na hawa wa ukutani?"

Bi. Stott aliifungua tena fomu, akaipitia ukurasa kwa ukurasa. "Mawe yanalindwa. Mbao zinalindwa, vigae vya mawe vinalindwa. Popo wana sehemu yao, bundi wana sehemu yao. Waliomo kwenye kuta sioni."

"Waandike bundi."

Alicheka, kisha akalifikiria jambo hilo kwa dhati, kalamu hewani. "Nitaulizwa mabawa yako wapi," alisema mwishowe, na akaifunga kalamu.

Hivyo popo wakawapatia watu wa ukuta miezi minne.

Ellis aliishi na mama yake, Bi. Nora, mwenye miaka themanini na minne, katika nyumba ya mwisho kwenye njia ya Gunnergill. Nyumba ilikuwa ya mwenye ardhi. Ilikuja pamoja na kazi ya mumewe, na mumewe alipofariki ilibaki kwa mazoea tu. Jioni ile Ellis alimweleza mambo ya ghala wakila viazi na soseji.

"Coates," alisema Bi. Nora. "Mama yangu alizaliwa Coates."

"Akina Coates ni wengi, Mama."

"Kesho utanipeleka. Nichukulie kiti cha kukunja."

Kesho yake aliketi mbele ya tundu, Ellis akaondoa gunia. Hannah alikuja karibu, mikono ikiwa na unga, na wanawake wawili wakatazamana kitambo. Mmoja alikuwa na miaka karibu mia tatu na hakuwa na mvi, mwingine alikuwa na themanini na minne na hakuwa na meno yake mwenyewe.

"Kidevu ni chetu," alisema Hannah.

"Kimenisumbua maisha yangu yote," alisema Bi. Nora. "Wanaume walikuwa wanakiona kabla hawajaniona mimi."

"Wangu alikipenda. Muulize."

"Niliambiwa kinakuja na ardhi," alisema Ottiwell kutoka kwenye stuli. "Nilidanganywa."

Toka siku hiyo Bi. Nora alikwenda kila alasiri. Alifuma soksi, Hannah alipika, nao waliwasema watu waliokwisha kufa kana kwamba wangeweza kusikia. Tamar alijifunza kupitisha mkono tunduni. Mkono wake ukitoka nje ulikuwa mzito kama jiwe na wa baridi. Ukirudi ndani ulikuwa mkono wa mtoto. Bi. Nora aliushika kwenye mapaja yake, akaupasha moto kwa sufu, akaurudisha.

Mwezi Mei barua ilikuja. Ofisi ilisema kwamba nyumba ya Gunnergill ingekarabatiwa kwa ajili ya wageni wa likizo, na kwamba Bi. Nora na mwanawe wametafutiwa mahali mjini, umbali wa kilomita arobaini, ghorofa ya tatu. Watoke kabla ya Septemba. Barua ilikuwa na adabu nyingi; ilimshukuru Bi. Nora kwa miaka sitini na moja.

"Kuna lifti," alisema Ellis alipomaliza kusoma.

"Lifti ni ya mizigo."

"Na madirisha makubwa."

"Ya kutazama nini?"

Ellis aliikunja barua. Alikwenda kwa Bwana Peake, akapewa kiti na biskuti, akaelezwa kuwa moyo wa Bwana Peake unauma. Alimwandikia mwenye ardhi mwenyewe, ambaye alikuwa akiishi ng'ambo kwa ajili ya mapafu yake, na hakujibiwa. Mwezi Julai waliwekewa kibao mbele ya nyumba, chenye picha ya nyumba hiyo hiyo bila watu.

Tarehe kumi na sita Agosti Bi. Stott alirudi, akamulika kenchi, akatangaza kuwa popo wa mwisho ameondoka. Alimpa Ellis karatasi yenye muhuri. Kazi iendelee.

Ellis alikuwa amefikiri majira yote ya joto. Aliona kwamba familia ile haikukaa ukutani hivi hivi. Ilikaa katika mawe ya nyumba yake. Kulikuwa na jiwe la jiko, jiwe la kizingiti lililolika katikati kwa nyayo, na mawe mawili ya dirisha ambayo wajenzi wa ghala waliyapindua juu chini bila kujali. Mawe hayo yakienda, wao wangeenda nayo. Alihesabu mawe mia mbili na kumi. Kisha akauchagua ukuta wa kaskazini, ule wa pembeni usiopata jua, ambao haukutajwa kwenye ramani ya Bwana Peake kwa sababu haukuwa na mandhari. Akauchagulia siku pia. Ikawa Jumatatu.

Asubuhi hiyo aliondoa gunia. "Leo ni Jumatatu," alisema.

Ottiwell aliweka kiatu chini. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Nilikwambia watakuja."

Ellis alishindwa kumtazama usoni. Alibomoa mpaka tundu likawa mlango, nao wakatoka, wamebeba vifurushi vichwani na mikononi. Walipofika kwenye majani walisimama. Walikuwa wa rangi ya vumbi la chokaa, na majani hayakulala chini ya miguu yao. Ottiwell aliutazama mlima mzima, kutoka kijitoni mpaka kileleni, kondoo kila mahali.

"Nyumba nyingine ziko wapi?"

Ellis naye alikuwa hajajiuliza swali hilo. Aliishika nyundo kwa upande wa chuma, akaenda kwenye ukuta wa mashariki, akagonga kwa mpini mara mbili. Ndani mtu naye akagonga mara mbili. Akasogea hatua sita, akagonga. Akajibiwa. Alilizunguka ghala lote hivyo, kona nne, hata kwenye nguzo za kuegemeza kuta, na mahali fulani alisikia kikohozi, na mahali pengine kiti kikisukumwa kama mtu anayeinuka kwenda kufungua mlango. Alihesabu nyumba kumi na moja. Ghala zima halikuwa na jiwe lililochimbwa mlimani; yote yalitoka kwenye nyumba zao.

"Wote wapo," aliwaambia akina Coates.

"Wazima?"

"Wanangoja."

Hannah aliitikia kwa kichwa. Hilo lilimtosha. Wakati Ellis akiyahamisha mawe kwa toroli, Tamar alikaa kwenye jua mikono imefunguka, na haikupata joto.

Kazi ilichukua siku tano. Alilijenga jiko lao upya ndani ya ukuta wa kaskazini, jiwe kwa jiwe kwa namba za chaki, na safari hii aliyageuza mawe ya dirisha yakasimama sawasawa. Alilielekeza dirisha kwenye tundu la hewa, ule mwanya mwembamba wa ghala usioweza kupitisha hata kichwa cha paka, ili angalau wauone ukanda mmoja wa anga. Ijumaa asubuhi wakaingia. Pakabaki pengo moja la kuziba, kimo cha mtu.

Bi. Nora alifika na teksi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika sanduku moja, na mfuko wa sufu.

"Usizibe kwanza," alisema.

Ellis alielewa tangu alipoliona sanduku. "Mama, ukiingia siwezi kukutoa bila kubomoa."

"Ndiyo maana naingia."

"Tumeshalipata ghorofa. Nimeshabeba kitanda chako."

"Kilalie wewe. Cha kwako kina kibonde."

"Utakula nini humo?"

"Mkate. Wewe umenilisha soseji miaka ishirini, nimesema kitu?" Alimshika mwanawe shavu kwa kiganja, akakiacha pale muda mrefu kuliko kawaida yao. "Nikienda huko mjini nitakufa kwa mwezi mmoja, Ellis, na utanizika kwa watu nisiowajua. Hapa nitakuwa nimekaa tu. Haya, nishike mkono, kizingiti kimelika."

Alimshika mkono. Alivuka. Hannah alimpokea sanduku na kumvutia stuli karibu na moto, na kivuli cha Bi. Nora, ambacho maisha yake yote kilimfuata kama vivuli vya watu wengine, kikageuka taratibu na kulala upande wa moto.

Ellis aliichanganya chokaa, akaanza kupanda na ukuta. Alilia kidogo bila kusimamisha mikono, maana chokaa ikishachanganywa inataka kumalizwa. Alipofika usawa wa kifua mama yake alimwambia asibane vijiwe kwa pupa, baba yake alikuwa na tabia hiyo. Alipofika juu ya kichwa walikuwa wakiongea mambo ya kodi ya mbwa iliyofutwa zamani, na Ottiwell alikuwa akitaka kujua kwa nini mbwa walitozwa. Saa nane mchana aliliweka jiwe la mwisho, akafuta mikono.

Jumatatu iliyofuata alianza kulifungua dirisha la kusini, akamaliza kwa siku mbili tu. Mahali pale hapakuwa na kitu tena ila kifusi.

Ghala lilianza kupokea wageni mwezi wa Novemba. Waliandika maoni mazuri. Walisifu mandhari, kenchi, kuta nene zinazotunza joto. Wachache walitaja kwamba alfajiri ghala linanukia mkate, na Bwana Peake akaliongeza jambo hilo kwenye tangazo.

Ellis alikuwa akija Jumamosi. Wageni wa zamani waliondoka saa nne asubuhi, wapya waliingia saa kumi, na katikati waliwapo wasafishaji tu, ambao walimjua. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya ukuta wa kaskazini, akaongea na mama yake kupitia mwanya wa hewa. Alimpa habari za mjini, za lifti iliyoharibika, za jirani wa Kipoland anayempa supu ya kiazisukari. Bi. Nora alimpa habari za ndani. Walikuwa wameanza kuitana ukuta kwa ukuta. Akina Peacock, kule mashariki, walikuwa na mjamzito aliyefikisha siku zake tangu Alhamisi ile ya mitaimbo, na bado hajajifungua.

Jumamosi moja ya Februari mgeni aliwahi. Alikuwa mwanamume wa London mwenye koti la manjano, na alimkuta Ellis katikati ya sentensi.

"Unaongea na nani?"

"Na mama yangu."

Mgeni alisogea, akasikiliza. "Habari za asubuhi," ilisema sauti ya Bi. Nora.

"Nzuri, asante," alisema mgeni. Kisha akamgeukia Ellis. "Atakuwepo wiki nzima?"

"Ndiyo."

"Kwenye tangazo hawakusema." Alifikiri. "Siyo kwamba nina tatizo. Lakini sisi tumekuja kupumzika, na mke wangu ni mtu wa kuongea. Akianza naye hapo, likizo ndiyo imekwisha." Akatoa simu, akaenda mbele ya nyumba ambako mtandao unashika.

Bwana Peake hakukasirika. Aliagiza kibao kidogo cha shaba, chenye maandishi mazuri, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua jiwe lipi pale linavumilia kutobolewa na lipi halivumilii, alimwomba Ellis akakifunge. Ellis alikwenda Jumamosi iliyofuata na drili, akakishika kibao chini ya mwanya wa hewa.

"Nini hicho?" aliuliza Bi. Nora.

"Kibao."

"Soma."

"'Wageni wanaombwa wasizungumze na ukuta.'"

Ndani alimsikia Hannah akiuliza jambo, na mama yake akimjibu kwa sauti ya chini.

"Nikikataa wataleta fundi kutoka mji wa Leeds," alisema Ellis. "Atatoboa popote."

"Najua. Fanya wewe. Lakini sogea kulia kidogo. Hapo utaingia kabatini kwa Hannah."

Alisogea kulia. Aligonga kwa kucha, mama yake akagonga kumwonyesha pasipo na kitu, naye akatoboa matundu manne taratibu, drili ikisimama kila mara ili vumbi lisiwaingilie. Alizikaza skrubu tatu. Kisha, kabla kibao hakijaanza kazi yake, akaweka mdomo kwenye mwanya, akaagana na mama yake, na Hannah, na Ottiwell, na mtoto, kila mmoja kwa jina lake, na alipohakikisha kuwa hakuna aliyesahauliwa, akaikaza ya nne.